Skuta ya Bi Mkubwa wa Ngamiani

Nilipopigiwa simu, pesa ilikuwa imeshachangwa. Bi Mkubwa ana miaka 74, anaishi Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na ua nyuma. Vyumba vitatu amepangisha. Binti yake mkubwa yuko Birmingham, wa pili, wa kiume, yuko Muscat, na kitindamimba anaishi naye. Kwenye kundi lao la WhatsApp kulikuwa na picha mbili za skuta za umeme, zile zenye kiti na usukani wanazoendesha wazee wa Ulaya.

Binti alitaka ndogo inayokunjwa, kilo 27, ya betri ya lithiamu, kwa kuwa inaingia kwenye buti ya gari. Kaka yake alitaka kubwa yenye taa na vioo, inayokwenda kilomita 12.8 kwa saa. Uingereza sheria huziweka mbali hizo mbili. Ndogo ni daraja la 2, mwisho wake kilomita 6.4 kwa saa, na hupita njia ya waenda kwa miguu. Kubwa ni daraja la 3, huruhusiwa barabarani na ni lazima isajiliwe. Mimi nilitakiwa nitaje moja tu. "Wewe ndiye unayemfanyisha mama mazoezi," binti aliniambia, "tuambie ya kwanza au ya pili."

Sikutaja yoyote, nikaomba wiki mbili. Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya Bi Mkubwa, kwa sababu familia nyingi zenye watu nje sasa zinafanya jambo hili kwa mapenzi ya kweli, na nimeshaingia nyumba zaidi ya moja nikakuta chombo cha thamani kimefunikwa shuka nyuma ya mlango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu unataja hatua nane, kuanzia kupokelewa kwa mtu hadi matengenezo ya baadaye. Kuagiza ni hatua ya nne. Hapa tulikuwa tumeianza hiyo ya nne, na zilizotangulia hazijaguswa.

Nimemhudumia Bi Mkubwa mwaka mmoja na nusu. Magoti yote mawili yamesagika, la kulia zaidi. Ana kisukari cha miaka mingi, uzito kilo 92, na bega la kushoto limeganda, mkono hauinuki kupita kifua. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ndani anatembea kwa mkongojo. Nje anafika nyumba ya tatu, anakaa barazani kwa watu, anarudi.

Watu wengi hudhani skuta ni kiti cha magurudumu chenye mota. Ni vitu viwili. Skuta inamtaka mtu akae wima mwenyewe, anyooshe mikono yote miwili mbele muda wote wa safari, na apande na kushuka kwa miguu yake. Asiyeyaweza hayo anahitaji kitimwendo cha umeme, kile kinachoongozwa kwa kijiti kidogo pembeni ya mkono, na hakuna skuta ya bei yoyote itakayomfaa. Kwa hiyo nilimkalisha Bi Mkubwa kwenye stuli isiyo na mgongo, nikampa mpini wa fagio aushike mbele yake kwa mikono miwili, tukazungumza habari za mtaa. Nilikusudia robo saa. Dakika ya tisa bega la kushoto likaanza kushuka na sauti ikabadilika. Nikausogeza mpini karibu na tumbo kiasi cha shubiri moja, akamaliza robo saa na kupitiliza. Shubiri hiyo ikawa sharti letu la kwanza: usukani uwe unaolazwa kuja kwa mwendeshaji, na kiti kiwe kinachosogea mbele. Hapo skuta nyingi ndogo za kukunjwa hutoka, kwa sababu kiti chake hakisogei.

Macho tuliyapima mtaani. Waingereza hawana sheria ya macho kwa vyombo hivi, ila wanashauri mtu aweze kusoma namba ya gari akiwa mita 12.3. Nilipima kwa tepu ya fundi. Akaisoma namba ya bajaji iliyoegeshwa, akanitajia na mwenye bajaji ni mtoto wa nani. Shingo inageuka kulia vizuri, kushoto nusu. Basi kioo cha kushoto ni lazima.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni nyayo. Kisukari kimezipunguzia hisia. Nilipogusa kidole gumba kwa uzi mgumu hakusikia. Mguu wa namna hiyo unaweza kuteleza nje ya sakafu ya skuta ukaburuzwa, na mwenyewe asijue mpaka aone damu. Tukakubaliana sakafu iwe na ukingo ulioinuka, na ndala zibaki nyumbani: viatu vya kufunika, vyenye mkanda nyuma.

Baada ya hapo ndipo nilipomuuliza yeye anataka kwenda wapi. Katika ujumbe wote niliosomeshwa, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mwanangu," alisema, "mimi nataka kwenda kwa dada yangu alasiri, nikae naye, nirudi kabla ya magharibi. Bila kumngoja mtu."

Dada yake yuko Barabara ya 15. Bi Mkubwa yuko Barabara ya 7. Mgeni wa Tanga ajue kwamba barabara za Ngamiani zina namba, zimepangwa kama mistari ya daftari, na mji ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Tulipima: mita 900 kwenda. Safari ya pili aliyoitaja ni sokoni Mgandini, ambako si mbali zaidi. Ya tatu ni misiba, mtaani humohumo. Nikamtajia kliniki ya Bombo. Akakataa kwa mkono. "Bombo nitaendelea na bajaji. Yule kijana ananijua, ananishusha mpaka mlangoni."

Jibu hilo lilizivunja picha zote mbili za WhatsApp kwa pamoja. Hakuna safari hata moja ambamo skuta ingepakiwa kwenye gari, na gari lenyewe nyumbani hapo halipo. Wepesi na kukunjwa, ambavyo ndivyo vinavyoongeza bei ya ile ndogo, vilikuwa sifa za maisha ya Birmingham. Gharama ya wepesi huo ni matairi madogo na tumbo lililo karibu na ardhi, sentimita 5 hivi, wakati pembeni ya barabara zetu kuna mchanga, mawe na viraka vya lami vilivyobomoka. Na spidi ya ile kubwa haina kazi kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni chini ya kilomita moja. Kwa kilomita 6.4 kwa saa anafika kwa dada yake ndani ya dakika kumi.

Sasa nyumba. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo skuta nyingi hufia.

Mbele kuna baraza na vidato viwili, jumla sentimita 36. Mteremko wa kupandia ulio salama huhesabiwa moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za urefu. Sentimita 36 zinadai mita 4.32. Mita hizo zingevuka mtaro na kuingia katikati ya barabara. Fundi wa mtaani alikuwa tayari kujenga mfupi wa mita moja na nusu, "utapanda tu, mota ina nguvu." Mota ingepanda kweli, lakini kwenye mwinamo huo uzito wa Bi Mkubwa ungeegemea nyuma, na skuta inaweza kunyanyuka mbele. Nilikataa, na kama msomaji ana fundi anayesema hivyo, namwomba naye akatae.

Mlango wa uani ulikuwa na kizingiti kimoja cha sentimita 14. Mara kumi na mbili, ni sentimita 168. Uchochoro wa nyuma una nafasi hiyo. Mteremko ukajengwa kwa zege, ukakwaruzwa mistari ili usiteleze wakati wa mvua. Ua una upana wa kutosha kugeuza skuta ya matairi manne kwa mkato mmoja, na korido haihusiki tena. Hilo lilikuwa jema, kwa sababu korido ina sentimita 118 kwa tepu, lakini kwa maisha halisi ya wapangaji, wenye ndoo, majiko na viatu, ina 80 hivi.

Palibaki pa kulala na kuchaji. Kitindamimba alitaka iwe chini ya mwembe. Nilisema hapana: jua huua betri na chumvi ya bahari hula viunganishi vya waya. Tulisafisha nusu ya stoo ya mkaa iliyo uani, tukavuta soketi moja. Kisha yakaja mazungumzo ya LUKU, kwa sababu mita ni moja na wapangaji huchangia. Mpangaji mmoja aliamini skuta itakula umeme kama jokofu. Nilimhesabia: betri mbili za volti 12 na ampea-saa 35 zina wati-saa 840. Hata zikiwa tupu kabisa, kuzijaza ni uniti moja na kidogo. Bi Mkubwa akaongeza mchango wake mwenyewe kila mwezi ili neno hilo lisirudi. Lilionekana dogo, lakini ninajua nyumba ambayo chaja ilichomolewa kila usiku na mtu asiyejulikana.

Kabla ya kununua nilitaka aendeshe. Tanga hatukupata duka lenye ya kujaribia. Mtaa wa jirani alikuwepo mzee aliyeletewa skuta ya matairi matatu na wanawe walioko Uarabuni. Mzee alishafariki, skuta ilikuwa imekaa miezi minane bila kuchajiwa. Betri zilikuwa zimekufa. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu, ndani yake hufanyika ukoko unaoziba sahani, na chaja haiufukui. Tulikwenda kwenye duka la vifaa vya sola, tukapata betri mbili zilizofungwa, za umbo lilelile, urefu sentimita 19 na nusu na upana 13, zikaingia kama zilizotoka nayo kiwandani. Nilitoka pale na sharti la pili, ambalo binti wa Birmingham alilipinga sana: betri ziwe za risasi, za umbo hilo la kawaida, zisiwe za lithiamu.

Hoja yake ilikuwa nzuri. Lithiamu ni nyepesi, inadumu zaidi, haiharibiki upesi ikiachwa nusu. Yote kweli. Ila pakiti ya lithiamu ya skuta hutengenezwa na kampuni moja kwa modeli moja, ina kadi yake ya elektroniki ndani, na siku ikikataa, Bi Mkubwa atakaa akingoja mtu atoke Ulaya. Betri ya risasi itadumu mwaka mmoja na nusu au miwili kwenye joto letu, kisha inabadilishwa hapahapa kwa mchana mmoja. Kwangu mimi, kwa mzee anayeishi mbali na muuzaji, kinachotengenezeka kwa fundi wa karibu kinashinda kilicho bora kwenye karatasi. Na si betri ya gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia kuendesha polepole kila siku inakwisha mapema, tena asidi yake inaweza kumwagika.

Jaribio lenyewe tulilifanya asubuhi kwenye uwanja wa shule, siku ya Jumamosi. Bi Mkubwa aliendesha baiskeli mpaka akapita miaka 60. Niliihesabu hiyo kuwa faida, na kwa kusoma barabara ilikuwa faida: anajua bodaboda atapita wapi kabla hajapita. Lakini mtoto alikatiza mbele yake akikimbiza mpira, na mikono ya Bi Mkubwa ikafanya iliyoyafanya miaka arobaini: ikabana. Kwenye baiskeli, kubana ni breki. Kwenye skuta ile, lever, yaani kijiti cha kuongeza mwendo, ilivutwa kwa vidole, na kubana ni mafuta. Skuta iliruka mbele. Nilikuwa nimezungusha kitufe cha spidi hadi chini kabisa, nikaudaka usukani, mtoto alishapita. Hakuna aliyeumia, ila tulikaa wote wawili chini ya mti kimya, na yeye ndiye aliyesema kwanza: "Mkono wangu umezoea vingine."

Skuta hizi husimama kwa kuachia. Ukiondoa mkono, mota hukata na breki ya sumaku hujifunga yenyewe. Mwenye miaka 74 anaweza kulielewa hilo kwa kichwa ndani ya dakika moja, na mkono wake ukakataa kulielewa kwa miezi. Hivyo sharti la tatu lilitokana na woga ule: lever iwe ya kusukumwa kwa kidole gumba, ili vidole vinne vikibana kwa hofu visiongeze mwendo. Mwalimu wa skuta za dukani asingelijua hili, kwa sababu hajui nani aliendesha baiskeli Tanga.

Tuligundua na mengine siku hiyo. Matairi matatu yaligeuka vizuri lakini yalimtikisa kwenye ukingo wa lami. Ya manne yatakuwa imara zaidi kwa uzito wake. Na pindo la baibui lilikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Mpwa wake, fundi cherehani, alimshonea la kuendeshea, fupi kwa vidole vinne na lenye kifungo cha kukusanyia upande.

Basi tukaagiza: matairi manne, ukubwa wa kati, kilomita 6.4 kwa saa, tumbo sentimita 9 kutoka ardhini, kiti kinachozunguka na mikono yake inayonyanyuka ili ashuke kwa ubavu, matairi ya upepo kwa ajili ya mchanga, na tyubu nne za akiba kwa sababu saizi yake mafundi baiskeli hawana. Kuziba pancha wanaweza. Ilikuwa na bei ya chini kuliko picha zote mbili za mwanzo. Muuzaji alitangaza kilomita 25 kwa chaji moja. Mimi huhesabu nusu, kwani vipimo hivyo huchukuliwa kwa betri mpya na sakafu sawa. Nusu hiyo bado ni zaidi ya mara tatu ya siku yake ndefu kabisa.

Usafiri sitausimulia wote. Binti alitaka kuja nayo kwenye ndege, lakini mashirika ya ndege huibeba skuta kama kifaa cha abiria mwenyewe mwenye shida ya kutembea, na yeye anatembea. Ikaja kwa meli kwenye kontena la kuchangia. Nililomsisitizia ni karatasi. Neno skuta peke yake mbele ya afisa wa forodha ni pikipiki, iliyo kwenye kifungu cha 8711 cha orodha ya ushuru. Hiki ni chombo cha mtu mwenye ulemavu, kifungu cha 8713. Tulitaka ankara iandikwe hivyo wazi, ikaambatanishwa na barua ya daktari. Chaja ilikuja na plagi ya Uingereza, pini tatu za bapa, ambayo ndiyo yetu. Tukaongeza tu kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Ilipofika, mazoezi yalichukua wiki nne kabla hajatoka peke yake. Wiki ya kwanza ndani ya ua tu, na zoezi moja lilirudiwa kuliko yote: napiga kofi, anaachia. Mara mia kadhaa. Kitindamimba nilimfundisha kile kijiti cha nyuma kinachotenganisha mota, kwa siku skuta itakapokata njiani na kujifunga. Kikifunguliwa inasukumika kwa mkono, lakini haina breki hata kidogo, kwa hiyo mama ashuke kwanza.

Miezi minane imepita. Kwa dada yake anakwenda siku nne au tano kwa wiki, sokoni mara mbili. Wakati wa masika hakutoka wiki tatu, na sikumhimiza: maji yakituama huwezi kuona shimo. Pancha moja, ya mwiba. Mjukuu mmoja alikutwa akiizungusha uani, na tangu siku hiyo ufunguo unalala kwenye mkufu shingoni kwa bibi yake. Niliogopa magoti yangelegea kwa kukaa, kwa hiyo masharti yangu ni kwamba ndani ya nyumba atembee na afanye zoezi la kusimama na kukaa kila asubuhi. Kwa nusu dakika alikuwa akisimama mara tano. Sasa ni mara saba.

Kitu kimoja tulikisahau wote. Tulipima mlango wa kwake kwa tepu, wa dada yake hatukuupima. Miezi miwili ya kwanza alikuwa akifika, anabaki kwenye kiti nje, dada yake anakaa barazani, wanazungumza hivyo mpaka adhana ya alasiri iwapite. Kidato cha pale ni kimoja, sentimita 11. Fundi amechonga ubao wa mninga wenye urefu wa mita 1.32, na unakaa kwa dada yake, umeegemezwa nyuma ya mlango.